Mguu Wangu Batini, Wakwe Zangu Sebuleni

Hili nalisimulia kwa shingo upande, maana mke wangu hulisimulia vibaya zaidi.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa nchini, na sisi wa mtaa wa Mafiga nasi tukaanza kumiliki televisheni. Yangu niliinunua Dar, imeshatumika, na siku ya fainali nikawaalika wakwe zangu kutoka Mlali, niwaonyeshe kwamba binti yao hakupotea.

Mpira umeanza, jua la alasiri likapiga kwenye kioo, tukawa tunajitazama wenyewe. Mke wangu Zaina akasema, "Tutundike blanketi dirishani." Nikakataa (blanketi dirishani, kama kwa mgonjwa?), nikaihamisha televisheni upande wa pili, waya wa antena ukavutika, picha ikajaa chenga tupu.

Basi nikapanda juu ya bati na suruali yangu ya sikukuu, nikaanza kuzungusha mlingoti, nikielekeza Dar, nikielekeza milimani, kila nikiuliza "Vipi?" baba mkwe anajibu kutoka ndani, "Mchele, baba. Bado mchele," mpaka nikaudhika, nikasogea hatua moja pale nilipojua fika kwamba bati limeoza. Mguu ukazama mpaka pajani, suruali ikachanika yote, na nyumba yenyewe haina dari, kwa hiyo paja langu likaning'inia juu ya kichwa cha mama mkwe. Mama mkwe, jamani, ambaye hata kula naye meza moja siwezi. Nikamsikia akisema, "Astaghfirullah," kisha, kama Zaina anavyosimulia, akajifunika kanga uso mzima.

Nikajaribu kujinasua, nimekumbatia mlingoti.

"Mkwe," baba mkwe akaita, kwa upole kabisa, "usitikisike. Picha imetulia."

"Baba, nimeumia."

"Pole sana. Lakini hapo ulipo ndipo penyewe. Na huo mguu ukiutoa, jua litapita kwenye tundu liingie kwenye kioo."

Nikadhani anatania. Hakutania. Nilikaa pale mpaka mapumziko, majirani wamejaa barabarani wakiniuliza matokeo.

Mama mkwe hakukanyaga kwangu tena mpaka mjukuu alipozaliwa, na hata siku hiyo aliitikia shikamoo yangu akitazama ukuta. Mimi na bati tumeachana. Mgeni akilalamika picha ina chenga, namwambia asikilize sauti.