Brauni Tulizooka Mimi na Mkwe Wangu

Shule niliiacha darasa la nne, na bado nyumba yangu hapa Bariadi ndiyo ya kwanza mtaani kwetu kuwekwa vigae mpaka jikoni. Nilianza kwa kuziba pancha za baiskeli pale Dutwa, chini ya turubai lililotoboka. Leo nina duka la vifaa vya ujenzi na lori linalobeba pamba. Hakuna aliyenishika mkono. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba habari hii ya keki haiandikwi na mtu wa kushinda jikoni.

Masika ya mwaka jana maji yalifunika daraja la njia ya Dutwa, na mke wangu alikuwa upande wa pili, msibani kwa shangazi yake. Mwanangu wa kwanza naye alikuwa amekwama na lori njia ya Shinyanga. Umeme ukakatika. Duka nikalifunga, maana nani anajenga kwenye mvua ile? Nikabaki nyumbani nimejikunyata ndani ya koti langu la harusi kwa baridi, mimi na mke wa mwanangu huyo, nyumba nzima watu wawili tu.

Binti huyu ni wa Dar es Salaam. Siku anafika alininyooshea mkono. Nikarudisha mikono yangu nyuma, nikaitikia shikamoo yake huku nimetazama pembeni. Tangu hapo akiingia sebuleni mimi natoka. Nikimsikia uani, napitia mlango wa mbele. Chakula anaweka mezani, anaondoka, ndipo nami nasogea. Kwetu Wasukuma ndivyo baba anavyomheshimu mke wa mwanawe, na heshima hiyo mimi nimeishika kuliko wazee wengi ninaowajua. Mwanangu hakumweleza mkewe, na simlaumu. Nani anakaa chini kumweleza mtu kwamba mvua inalowesha?

Asubuhi moja nilikuwa sebuleni, yeye yuko barazani nyuma ya dirisha anaongea na mama yake. Mvua ilipiga bati kwelikweli, kwa hiyo simu aliiweka sauti ya nje, na wote wawili wakawa wanapaza sauti kama wauza mitumba.

"Mama, maji yakipungua tu napanda basi."

"Mumeo kakupiga?"

"Wala! Mume wangu hana shida. Ni baba mkwe. Hanitaki, mama. Nikiingia anatoka, utadhani nanuka."

"Kakwambia hakutaki?"

"Angeniambia ningeshukuru! Tangu nije sijamsikia neno zaidi ya marahaba."

"Basi rudi, mwanangu. Chumba chako kipo."

Nilikaa pale na kikombe cha chai mpaka kikapoa. Nyumba hii ilikuwa imechangamka tangu binti huyu aje. Anaimba akifagia. Kuku amewapa majina ya majirani, na mke wangu anacheka mpaka anashika ukuta. Sasa anafungasha, na mwanangu atarudi na lori akute kitanda kitupu, sababu ni mimi na adabu zangu.

Jambo kama hili baba mkwe halisemi mwenyewe. Linapita kwa mtu wa kati. Nikampigia mke wangu, simu imezimwa. Dutwa nako hakukuwa na umeme wa kuchaji. Nikampigia mwanangu, hapatikani. Mimi niliyewahi kupatanisha wenye malori waliotaka kukatana mapanga, siku hiyo nilizunguka sebule yangu kama ng'ombe aliyekosa zizi.

Mchana nikasikia harufu ya moshi. Nikachungulia. Binti alikuwa kwenye baraza ya jikoni, amekoroga unga, kokoa, sukari, siagi na mayai ndani ya sufuria. Alikuwa anatengeneza ile keki nyeusi nzito wanayoiita brauni, ambayo alikuwa akiuza chuoni kwao. Nadhani alikuwa anakumbuka nyumbani. Oveni yangu kubwa ya umeme, niliyoileta mwenyewe kutoka Mwanza, haikuwa na faida siku hiyo. Alikuwa anapuliza jiko la mkaa, na mkaa ulikuwa umelowa. Machozi yanamtoka. Sikujua ni moshi au ni yale mengine.

Hapo nikamkumbuka marehemu baba. Akitaka kusema na mke wa kaka yangu na mtu wa kati hayupo, alimsemesha mtoto. Mtoto asipokuwepo, mbwa. Sisi mbwa hatuna. Lakini paka alikuwa amelala kwenye gunia karibu na mlango wa jikoni. Nikaenda nikasimama mlangoni, nikageuza mgongo, uso nimeuelekeza kwenye mvua.

"Wewe paka," nikasema kwa sauti. "Mwambie mwenye jiko kwamba mkaa ule ukilowa hauivishi hata yai. Stoo yangu kuna gunia kavu."



"Baba? Unaongea na mimi?"

"Naongea na paka."

Nikasikia mwiko umewekwa chini. Nikadhani ameudhika. Kumbe watoto wa mjini wana akili.

"Haya. Paka, mwambie baba kwamba stoo imefungwa, na ufunguo anao yeye."

Nikaenda stoo. Nikaleta mkaa na debe la mchanga, nikawasha moto wa maana, maana kabla ya baiskeli niliwahi kuchoma mikate ya mchele kwa mama mmoja pale stendi ya Dutwa, na mpaka leo sijaona anayenizidi kupanga makaa. Mchanga ndani ya sufuria kubwa, sufuria ndogo juu ya mchanga, mfuniko, na makaa mengine juu ya mfuniko. Nikimaliza hatua moja najiondoa, yeye anasogea. Akimaliza anarudi jikoni, mimi nasogea. Hatukukutana hata mara moja. Mtu angetuona angesema tunacheza ngoma.

Keki ikiwa motoni nikarudi mlangoni, mgongo nimeuelekeza ndani.

"Paka, ng'wanangu, sikiliza vizuri. Mwambie huyo binti kwamba huku baba mkwe anayemshika mkono mke wa mwanawe, akakaa naye wanapiga soga, watu wanamcheka. Wanasema hamheshimu. Anayempisha ndiye anayemthamini."

Nikasikia amekaa chini.

"Paka." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Muulize baba, kwa hiyo kadiri anavyonikwepa ndivyo anavyonithamini?"

"Mwambie hivi, paka. Bariadi nzima, mpaka Mkula na Kalemela huko, hakuna mzee anayemkwepa mkwe wake kama mimi. Ulizeni popote."

Akacheka. Kwanza alijizuia, kisha akacheka kwa sauti, akacheka na kulia pamoja, mpaka paka akaamka akaondoka zake na kutuacha bila mtu wa kati. Nami nikajifanya naangalia maji uani.

Brauni ilipoiva alifunua akanipisha, nikachomoa kijiti cha ufagio, nikachoma katikati. Kikatoka na tope.

"Bado mbichi," nikauambia ukuta. "Irudi motoni."

"Ukuta, mwambie baba asiiguse! Brauni ndivyo inavyokuwa, laini katikati."

"Ukuta, mwambie mimi nimeoka kabla hajazaliwa."

"Ukuta, mwambie alioka mikate. Hii siyo mkate!"

Nikakiweka kijiti chini. Upande uliokuwa karibu na makaa yangu mengi uliungua kidogo, na mimi nasema ule ndio uliokuwa mtamu. Akakata, akaniwekea sahani kwenye kizingiti, akarudi ndani. Nikakaa kwenye kigoda upande wangu wa ukuta, yeye upande wake, kila mtu na sahani yake na chai. Chakula kile nilikila pamoja na mkwe wangu, na mila haikuguswa hata unywele.

Jioni mama yake akapiga tena. Mvua ilikuwa bado, na simu ikawekwa sauti ya nje.

"Umeshafungasha? Nasikia maji yanapungua huko."

"Siji, mama. Labda nije kuwasalimia mwezi ujao, nikimwomba ruhusa baba."

"Kumbe mmeongea? Kakupa mkono?"

"Hajanipa. Na akinipa nitamshangaa."

"Sasa wewe, sikuelewi."

"Huwezi kuelewa, mama. Ni mambo ya huku kwetu."

Nilisikia neno hilo, huku kwetu, nikaweka sahani chini. Kisha nikageukia ukuta nikauliza kama kuna kipande cha pembeni, kile kilichoungua, kimebaki.