Dada Alivyoajiriwa Kukaa Nyumbani

Walipotuambia nyumba mpya zitaleta ajira mtaani, nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Kumbe walisema kweli, tena kweli ya ajabu!

Nyumba zilikwisha, zikakosa wanunuzi. Bei ilikuwa ya kushika kichwa, lakini meneja wa mauzo akaona kasoro ni ukimya. Basi akaajiri watu wa kuonekana wanaishi. Fundi baiskeli akapewa gari lisilo na injini, awe analiosha kila asubuhi. Mimi nikawekwa dirishani nichekee wageni, na jamani, mimi kucheka bure sikuumbiwa. Dada yangu, dobi tangu ujana wake, akapewa nyumba ya kona na nguo za kuanika.

Nguo zenyewe zilikuwa safi. Anazifua, anazianika, zikikauka anazifua tena.

"Dada, unafua nini hapo?"

"Mshahara," akanijibu.

Jioni tunafunga milango, tunarudi chumbani kwetu, bati linavuja. Lakini dada akaanza kunogewa na ile nyumba ya kona. Akapanda maua kibarazani. Akasugua sakafu ambayo haijakanyagwa na mtu. Akaniambia nivue viatu, mimi, ndugu yake wa tumbo moja! Siku moja mvua inanyesha, nikamkuta kasimama katikati ya sebule, kainua uso.

"Sikiliza," akasema. "Haivuji."

Halafu wakaja wateja, mke na mume. Walipita nyumba zote wamenuna. Kwa dada wakakaribishwa, wakapewa chai, wakaulizwa watoto hawajambo. Mke akamvuta mumewe mkono.

"Nataka hii. Hii ina mtu."

Meneja akawaonyesha nyingine, zote sawasawa mpaka vitasa. Mama wa watu hataki kusikia.

"Si unaona?" nikamfokea dada. "Umekaa vizuri mno mpaka umejitoa mwenyewe!" Akalia. Nami nikalia, kwa hasira tu.

Wenyewe walipohamia wakamtafuta awafulie. Alikubali, angekula nini? Asubuhi ya kwanza alifika mapema, akatoa mfukoni ufunguo ambao meneja alisahau kumdai, akafungua mlango wa mbele. Mwenye nyumba akatokea sebuleni, viatu mguuni, macho yamemtoka.

"Karibu," dada akamwambia. "Lakini vua viatu."

Bwana wa watu akainama, akavua.