Sanduku la Kinole Lililokataa Kutoa Ulimi

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa bisibisi. Nilipewa kigoda, nikaambiwa nikae mbele ya redio inayokoroma, nisiguse kitu, nisikilize. Nikakaa mpaka adhuhuri. Fundi Mkuu wa karakana ile, pale mjini Morogoro, alikuwa mtu mfupi mwenye sauti inayokwaruza kuliko redio zenyewe. Aliporudi kutoka kuswali akaniuliza, "Umesikia nini?"

"Inakoroma."

"Inakoroma ikiwa imetulia, au ikiwa inatumika kama mwenyewe anavyoitumia?"

Nikamwambia sijui, maana nimekatazwa kugusa. Akacheka, akasema kesho nije na chakula changu. Ndivyo nilivyoajiriwa. Shule niliishia darasa la nne, na mpaka leo sijaona kilichonipungukia.

Redio zikanileta kwenye kaseti, kaseti zikanipeleka Turiani. Huko niliitwa na ofisi moja ya wakulima wa miwa kutengeneza redio ya upepo, ile ya kuitana shambani. Nilipomaliza, Mkuu wa Ofisi akanionyesha kompyuta iliyozimika mezani. Nikamwambia hiyo siijui. Akanitazama kama mtu anayedanganywa mchana kweupe. "Wewe si fundi? Hiyo nayo ina waya." Nikaifungua. Ilikuwa imejaa vumbi la miwa hadi feni imegoma kuzunguka. Nikaipuliza, ikawaka. Kuanzia siku hiyo mimi ni fundi wa kompyuta, na asiyetaka asitake.

Kwenye kompyuta nilikaa miaka mingi, mingi yake Kihonda, kwenye karakana ya Bwana Meneja. Huyu alikuwa kijana kwangu lakini ndiye bosi, na alipenda mambo mafupi. Yeye akae na wateja na simu, mimi nikae na nyaya. Kazi iliyotulisha zaidi ilikuwa draivu za CD.

Ninyi mliokulia kwenye simu hamzijui, basi niwaeleze. Draivu ni kisanduku cha bati, unene wa kitabu, kinachokaa ndani ya lile sanduku kubwa la kompyuta. Ukibonyeza kitufe, kinatoa sinia lake nje kama ulimi. Unaweka CD, kinaumeza. Ndani kuna jicho dogo la kioo linalosoma, na mpira mwembamba kama wa kufungia nywele unaovuta ule ulimi. Jicho likishika vumbi, CD haisomeki. Mpira ukilegea, ulimi hautoki. Na mbele kuna kitundu kidogo ambacho watu walidhani ni cha mapambo. Humo unaingiza waya wa kibanio cha karatasi ulionyooshwa, unasukuma, ulimi unatoka kwa lazima. Nimeokoa CD za harusi nyingi kwa kibanio cha karatasi.

Kubadilisha si kazi ya kukurupuka. Unazima, kisha unachomoa waya ukutani. Swichi peke yake usiiamini. Unafungua ubavu wa sanduku. Kabla hujagusa cha ndani unashika bati, kwa sababu mwili wako una umeme wake, mdogo, na unaua vitu ambavyo hutaviona vikifa. Unachomoa mkanda mpana wa mawasiliano na plagi ya umeme, unalegeza skrubu za pande zote mbili, draivu inatoka kwa mbele. Mpya inaingia njia hiyohiyo. Mkanda ukikataa kuingia usiulazimishe, umeugeuza. Nimewaona wenye vyeti wakiulazimisha, na nimewaona wasio na vyeti wakiulazimisha vilevile. Mkanda haubagui.

Sasa nije Kinole.

Kule juu milimani kulikuwa na kikundi cha wakulima wa viungo, mdalasini na pilipili manga na karafuu. Walikuwa na kompyuta moja, na mnunuzi wao alikuwa akiwatumia CD za kuonyesha jinsi ya kukausha mdalasini anavyoutaka yeye. Mwenye kompyuta hiyo, kwa jina la kazi, alikuwa Bibi Katibu, mama mtu mzima, mwenye miwani na msimamo. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, na hilo lilieleza kwa nini Mwenyekiti hakuwa na maneno mengi.

Mara ya kwanza draivu yao ilikuwa mbovu kweli. Mpira umelegea, jicho limepata ukungu. Nikaweka mpya, ulimi ukatoka, CD ikasoma, Bibi Katibu akaniombea dua ndefu nikashuka zangu na fungu la ndizi.

Haukupita muda akapiga simu Kihonda. Ulimi hautoki. Nikapanda. Nikabonyeza, ukatoka. Nikabonyeza tena, ukarudi. Nikamwambia, "Shikamoo tena Bibi, mbona nzima?"

"Marahaba. Kwako nzima. Ukiondoka inakufa."

Kwa usalama nikabadilisha hata hiyo nzima, nikashuka. Sijafika mbali, simu imepigwa.

Bwana Meneja akaniita. "Fundi, Kinole wanasema draivu zetu legelege."

"Hakuna draivu legelege."

"Mimi sijui. Najua ukirudi na lawama mara ya tatu, hiyo bisibisi utaiacha mezani, urudi kwenye redio zako."

Redio zangu zipi? Hakuna mtu aliyekuwa akitengeneza redio tena. Fundi Mkuu wangu mwenyewe alikuwa amegeuza karakana kuwa duka la mchele. Na nyumbani kulikuwa na mke na watoto waliokuwa wamezoea kula. Nikapanda Kinole.

Nikafungua kila kitu. Mkanda mzima, umeme upo, mpira umekaza. Nikabonyeza hadi kidole kikauma. Ulimi ndani, ulimi nje. Mwenyekiti alikuwa kwenye benchi la pembeni, anatazama viatu vyake. Bibi Katibu amesimama nyuma yangu, mikono kiunoni.

"Umeona? Inakuogopa wewe."

Hapo lile swali la siku ya kwanza likanijia. Ikiwa imetulia, au kama mwenyewe anavyoitumia? Nikanyanyuka kwenye kiti. "Bibi, kaa wewe. Ifungue wewe mwenyewe, kama siku zote."

"Ngoja basi niivalishe."

"Uivalishe nini?"

"Si umesema kama siku zote?"

Akafungua kabati, akatoa kitambaa cha kufuma, cheupe, kina mawaridi mekundu, pindo lote limeshonwa shanga. Akakitandaza juu ya sanduku, kikashuka mbele kama pazia. Akainua sanduku kidogo, akachomeka pindo chini yake, akakaza. Juu akaweka chombo cha maua ya plastiki. Kisha akapapasa, akakipata kitufe kwa juu ya kitambaa, akabonyeza.

Kitambaa kikavimba taratibu, kama tumbo la mama mjamzito. Kikasimama. Kikanywea. Ulimi ulisukuma, ukakuta pazia la shanga, ukarudi ulikotoka. Ndivyo draivu zilivyoundwa, zikigusa kitu mbele zinarudi zisivunjike.

"Umeona mwenyewe," akasema. "Haina nguvu."

"Bibi, hiki kitambaa ulikifuma lini?"

"Ulipoleta ile mpya. Kitu kipya nikiache uchi, wageni wanapita?"

"Na nikija mimi?"

"Nakivua. Fundi ni kama daktari."

Nikamwambia tatizo ni kitambaa. Akavua miwani. "Friji yangu nyumbani ina kitambaa, na mlango unafunguka."

"Friji unaifungua wewe. Hii inajifungua yenyewe."

"Basi ni mvivu kuliko friji."

Nikamgeukia Mwenyekiti. "Mzee, wewe ulilijua hili?"

"Fundi," akasema polepole, "wewe unashuka leo. Mimi narudi naye nyumbani."

Bibi Katibu alikuwa na namba ya Bwana Meneja na simu mkononi. Nikimwambia akiondoe, atapiga. Nikinyamaza, atapiga kesho. Nikakitazama kitambaa vizuri. Kusema kweli kilikuwa kazi ya mtu anayejua, kila tundu sawa na mwenzake. Nikamwambia hivyo, na sikumbembeleza, mimi sijui kubembeleza. Fundi anamtambua fundi.

"Lakini Bibi, umemshonea kanzu isiyo na shingo. Kichwa atoe wapi?"

Akakishika pindoni, akawa anahesabu matundu kwa kidole. "Shingo upana gani?"

Nikapima ulimi kwa bisibisi, nikamwonyesha. Akatoa sindano ya kufumia mkobani, akafumua palepale, akaanza upya kuzunguka lile tundu. Mwenyekiti akaenda kutafuta chai kabla dada yake hajabadili mawazo. Alasiri ilipoingia kitambaa kilikuwa na dirisha, na dirisha lina shanga zake. Akakivalisha, akaweka maua, akabonyeza. Ulimi ukatoka mzima mzima katikati ya mawaridi. Bibi Katibu akautazama kama mwanawe amehitimu.

Akapiga simu mbele yangu. "Meneja? Leo fundi wako ameniletea yenye nguvu."

Nilipofika Kihonda Bwana Meneja aliniuliza nimebadilisha nini. "Shingo," nikamjibu. Akanisogezea kompyuta nyingine iliyokuwa inasubiri. Bisibisi ilibaki kwangu.

Baada ya hapo, ofisi yoyote niliyoingia niliuliza kwanza kama mashine ina nguo. Vijana wa karakana walinicheka mpaka walipoanza kuuliza wao.

Siku hizi nimestaafu. Draivu zimeondoka kabla yangu, kompyuta mpya hazina hata kitundu, na siwezi kusema naziombolezea. Vitu vinakwenda. Mtumiaji ndiye asiyebadilika, kwa hiyo mkitaka kula kwa kazi hii, mkalisheni yeye kwenye kiti.

Nilipoaga, Bibi Katibu alinitumia zawadi kutoka Kinole: kitambaa cha runinga, mawaridi mekundu, pindo la shanga. Mke wangu alikitandaza siku hiyohiyo. Kinashuka mbele kidogo, pembe ya chini kulia, pale penye kijicho kinachopokea rimoti.

Rimoti haifanyi kazi. Mke wangu amebadilisha betri, ameigonga gotini, na sasa anasema aitwe fundi.

Nimemwambia fundi amestaafu.