Hana Injini

Mume wangu anaitwa Thaddeus Gathings. Ukipita hapa kwetu Greenwood, Mississippi, ukaona mwanamume mzima ameinama mbele ya televisheni, kiganja kimoja kimeziba kioo, basi umeshamjua, huna haja ya kuuliza. Anaziba mpira. Sisi huku tukisema mpira tunamaanisha ule wa kubeba mkononi na kugongana vichwa, na nchi nzima inautazama kwa kuufuata popote uendapo. Wangu mimi hataki kuuona. Mpira uko kule, macho yake yako huku kwa kijana mmoja ambaye hana kitu mkononi.

"Thad, toa mkono, watu tunataka kuona bao!"

"Bao utalisikia, Earline. Watapiga kelele."

Ndiyo kazi inayotulisha. Thad ni msaka vipaji wa klabu moja ya kulipwa, na eneo lake ni vyuo vya Mississippi, vikubwa na vidogo, mpaka vile ambavyo uwanja wake unapakana na shamba la pamba. Anazunguka na gari linalonuka kahawa na kambare wa kukaanga, anatazama vijana wa chuo, kisha anawaambia wakubwa wake nani ataweza kucheza na wanaume na nani akatafute kazi nyingine. Anatazama wachezaji wa kila aina, lakini ugonjwa wake ni wavamizi. Mvamizi anakaa mwisho wa mstari wa timu isiyo na mpira, na kazi yake ni kulipita lile jitu lililowekwa kumzuia, amwangushe mrusha mpira kabla hajaurusha. Wazuri ni wachache. Klabu zinawatafuta kama dawa.

Nimeishi naye mpaka na mimi najua. Kwanza anatazama mikono, kama ina uzito wa kulisukuma jitu. Halafu kiuno: je, kijana anaweza kuinama na kukata kona bila kupunguza mwendo, kama mtoto anayekimbia chini ya kamba ya kuanikia nguo? Mwisho anatazama kile anachokiita injini. Mchezo ukielekea upande wa pili, mbali na kijana, yeye anafanya nini? Anafukuza, au anasimama kushika kiuno? Akisimama, Thad anasema maneno mawili tu, "Hana injini," na kijana huyo amekwisha. Sijaona aliyefufuka.

Mwaka ule mji mzima ulikuwa unamzungumzia Tavarius Sykes. Kijana wa chuo kidogo kilicho hapo mbele kidogo barabarani, mrefu, mpole, anakuitikia "ndiyo mama" hata ukimsalimia kwa mbali. Kanisani walikuwa wameshampeleka kwenye ligi kubwa kabla ligi yenyewe haijapata habari.  Thad alitazama mechi zake zote pale sebuleni, kiganja kwenye kioo.

Mkutano wa majira ya baridi aliufanyia mezani kwangu jikoni, kwa kompyuta, mimi nakaanga samaki nyuma yake. Klabu ilikuwa imepata meneja mkuu mpya, kijana anaitwa Whit Carraway, meno meupe, maneno machache. Alikuwa ameshasema mbele za watu kwamba wasaka vipaji wazee wamezidi. Na mikataba yao wote huisha kila mwaka mara tu klabu zikimaliza kuchagua vijana wapya, kwa hiyo kila mzee alijua anatafutiwa sababu.

"Sykes?" akauliza Carraway.

"Mikono ipo. Kona anaikata vizuri sana," akasema Thad. "Lakini hana injini. Mchezo ukienda upande wa pili anasimama kama mlingoti."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Jina la Sykes likafutwa ubaoni, pale klabu inapopanga vijana inaowataka. Nami nikageuza samaki wangu nikijisemea, huyo ndiye mume wangu, hayumbi hata kwa kijana wa nyumbani.

Majira ya kuchipua yakaja. Siku moja Thad akaenda kwenye kile chuo kumtazama kijana mwingine kabisa, akasimama pembeni mwa mazoezi. Pale hakuna kioo cha kuziba, uwanja wote uko mbele yako. Mchezo ukaenda kushoto, Sykes yuko kulia, akasimama. Thad akaguna. Ukaenda kushoto tena, akasimama tena. Mara ya tatu wale waliokimbilia kushoto wakapeana mpira kwa siri migongoni, na mmoja akageuka nao mbio kuja kulia, kule ambako kila mtu alikuwa amekuhama. Kila mtu isipokuwa Sykes. Akammeza yule mkimbiaji mzimamzima.

Mchezo uliofuata ndio uliomvunja Thad. Mpira ukaenda kushoto, na safari hii kijana uzalendo ukamshinda. Akatoka mbio, akakata uwanja wote, akamkamata mtu upande wa pili kabla wenzake hawajageuza shingo. Thad anasema hajaona injini kama ile tangu aanze kazi. Lakini Kocha Landrum, mzee mwenye sauti ya honi, akapandisha mori.

"Sykes! Nilikwambia ulinde nini?"

"Mlango wa nyuma, Kocha!"

"Na mlango wa nyuma uko wapi?"

"Huku, Kocha!"

"Sasa kule ulikwenda kununua maziwa? Rudi! Ukiondoka tena utatazama mechi na bibi yako!"

Basi. Vyuo vingi siku hizi huwaachia wavamizi wafukuze watakapo, na Thad alidhani ni hivyohivyo pale. Landrum ni mtu wa zamani, anataka mlango ulindwe. Kijana alikuwa akisimama kwa sababu alikuwa ameambiwa asimame. Na zile hila za kurudi nyuma, ambazo zingemwambia Thad kila kitu, zote zilipita chini ya kiganja chake mwenyewe.

Alirudi nyumbani akakaa mbele ya sahani bila kuigusa.

"Nani kafa?" nikamuuliza.

"Hakuna."

"Basi kula."

"Earline, nimemzika kijana wa watu akiwa hai." Akanisimulia yote. Kisha akasema, "Nikisimama kusema nilikosea, Carraway atakuwa amepata sababu aliyokuwa akiitafuta."

Niliogopa, siwezi kudanganya. Goti langu linasubiri upasuaji, na bima yetu ya matibabu ni ya kazi yake. Lakini nilimtazama pale alivyokaa, mkubwa na mnyonge, nikapandwa na hasira.

"Unaniambia haya ili nikukataze?"

"Ndiyo," akasema.

"Sikukatazi ng'o! Kula."

Mkutano wa mwisho ulikuwa mezani palepale. Thad akaomba nafasi kabla ya wote. "Bwana Carraway, Sykes arudishwe ubaoni. Nilikosea."

Mmoja wa wenzake akacheka. "Mzee, miwani imegoma?"

"Ulisema una hakika," akasema Carraway.

"Nilikuwa na hakika. Na nilikuwa nimekosea." Akawaonyesha picha, mpira ukionekana safari hii. "Mtazameni hapa. Wenzake wote wamekimbilia sifa. Yeye na injini ile amebaki, kwa sababu ndiyo kazi aliyopewa. Ninyi mngebaki? Mimi kwa umri ule nisingebaki."

"Tutaona," akasema Carraway, akakata. Hata kwaheri hakusema. Mimi nikazima jiko, nikaenda nikambusu kipara. Sijawahi kujivunia mtu vile, na siku ile nilidhani kazi imekwenda na maji.

Siku za kuchagua zilipofika, Thad alikuwa makao makuu ya klabu, mimi nyumbani na televisheni. Siku ya kwanza jina halikutajwa. Ya pili, kimya. Ya tatu mchana, zamu ya klabu yetu ikafika, mtangazaji akasoma: Tavarius Sykes. Nilipiga ukelele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna moto.

Jioni Thad akanipigia. Kwao mtu aliyempigania kijana ndiye anayepewa simu ampe habari.

"Kaniuliza, 'Bwana Gathings, Kocha anasema wewe ndiye uliyesema sina injini.' Nikamwambia, ndiye mimi. 'Na aliyenirudisha?' Nikamwambia, ndiye mimi. Earline, kijana kacheka mpaka akalia."

"Na mkataba?"

Akakohoa. Carraway alikuwa ameizunguka meza akigawa maeneo ya mwaka unaofuata, na usiposikia jina lako, fungasha. Wawili hawakulisikia. Alipofikia eneo la Mississippi akamtazama Thad.

"Mississippi apewe yule aliyekosea," akasema. "Ninyi wengine tangu nije hamjakosea hata mara moja. Siwaelewi."

Jina limemganda mume wangu. Wenzake wanamwita hivyo viwanjani, na sasa hata makocha. Juzi simu imelia, sauti ya kijana nisiyemjua ikauliza kwa adabu, "Samahani mama, hapo ni kwa yule aliyekosea?"

Nikanyoosha mgongo pale jikoni, na goti langu jipya.

"Ndiyo hapa, mwanangu," nikamwambia. "Unaongea na mkewe."