Ukoo Usiomtaja Noziwe

Harufu ya nta nyekundu ya sakafu hunipandisha hasira hata leo. Nikipita penye mtu aliyepiga magoti akisugua kibaraza, narudi katika nyumba ya shangazi Beatrice pale Turffontein, jirani na uwanja wa mbio za farasi, majira ya baridi, nikiwa na miaka kumi, nimeketi ukingoni mwa kochi nisije nikalichafua. Siku za mbio za farasi kelele za uwanjani zilipanda na kushuka kama mvua ya kupita, naye shangazi alifunga dirisha ili tumsikie vizuri akitueleza sisi ni nani. Sisi tulikuwa akina Thornley. Mzee wetu wa kwanza alitoka Uingereza kwa meli pamoja na walowezi wa mwanzo, akapewa shamba huko Rasi ya Mashariki, kusini mwa Afrika. Kwamba shamba lile lilikuwa la watu kabla yeye hajapewa, hilo shangazi hakulisema. Ngozi yake ilikuwa ya kahawia kama yangu, lakini neno "meli" alilitamka kama watu wengine wanavyotamka "mbinguni".

Mama yangu yeye hakuja kwa meli. Alikuja kwa basi kutoka Morogoro, akimfuata baba, aliyeishi huko miaka mingi uhamishoni na kurudi kwao baada ya uhuru. Tulipanga vyumba viwili mtaa wa jirani wa La Rochelle, na mama akashona nguo za watu kwa cherehani iliyokuwa karibu na dirisha. Huyo ndiye ambaye shangazi alimwita mgeni. Alimwita hivyo mbele ya majirani, mbele ya mchungaji, mbele yangu. Nikimwomba mama maji kwa Kiswahili, shangazi aliinua kidole na kusema lugha za kigeni ziachwe mlangoni. Kwetu husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama alikuwa amelima miaka sita katika ukoo ule na bado hakuwa amekaribishwa kuketi. Watu waliovuka bahari na bunduki wakawa wenyeji, mwanamke aliyevuka mipaka kwa ajili ya mumewe akawa mgeni. Nilikuwa mdogo, lakini hesabu hiyo ilinikataa.

Baridi hiyo shangazi alisikia kwamba wazao wote wa mzee Thornley wangekutana karibu na shamba la zamani. Akamwamuru baba atupeleke. Mama alimshonea shangazi gauni la buluu lenye kola nyeupe, akalifumua begani na kulishona upya kwa sababu shangazi alisema linamkaba. Mama mwenyewe hakualikwa. Alisimama mlangoni, sindano bado zimechomekwa kifuani mwa blauzi yake, akatupungia mkono.

Tulisafiri siku nzima. Kesho yake asubuhi tukaingia katika ukumbi wa kanisa uliojaa Wazungu wenye pua zinazofanana. Ukutani palitandazwa kitambaa kikubwa chenye mti wa ukoo, majina yameandikwa kwa wino mweusi kuanzia mzee wa meli hadi watoto wachanga. Shangazi alisogea karibu, miwani mkononi, akafuatisha matawi kwa kidole mpaka akamfikia Albert, ambaye siku zote alitueleza kuwa ndiye baba wa babu yake. Chini ya Albert paliandikwa: hakuoa, hakuacha mtoto.

Mama mmoja aliyevaa beji ya wenyeji wa shughuli alikuja. Shangazi alimweleza kwa sauti yake nzuri ya kanisani kwamba pametokea kosa dogo. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho, akatabasamu.

"Wafanyakazi wengi walichukua jina la familia," alisema. "Ilikuwa desturi. Chai yenu iko jikoni."

Nilimtazama baba. Alikuwa amepata mafunzo ya kijeshi ili watu wa namna hii wasimwambie tena mahali pa kunywea chai. Alinishika mkono, akausukuma mgongo wa dada yake polepole, tukaingia jikoni kwa waosha vyombo. Shangazi alikunywa chai ile. Alisema asante. Wahenga walisema mkono usioweza kuukata, ubusu. Mimi siku ile niliichukia methali hiyo kwa moyo wangu wote. Kikombe changu nilikimwaga kwenye sinki, na baba akajifanya hakuona.

Njiani kurudi tulisimama kutia petroli. Hapo shangazi, akitazama mbele, alisema kwamba mama wa babu yake aliitwa Noziwe. Alikuwa mpishi wa Albert. Babu yake alimtaja kila usiku katika sala zake. Miaka yote ya kutuhubiria, shangazi alikuwa akilijua jina hilo, na hakuwahi kututajia. Mwacha asili ni mtumwa, na yeye alituacha tukae utumwani pamoja naye.

Nyumbani mama aliuliza kama gauni lilikaa vizuri. Baba alipomsimulia, aliweka chini mkasi.

"Baba Lindiwe, ulikuwa tayari kufa vitani. Chai tu ikakushinda?"

"Nilikuwa na mtoto," baba akajibu.

Sikumsamehe jibu hilo kwa miaka mingi. Sasa nina watoto wangu, nalielewa, na bado linaniuma.

Baba alishafariki. Mwaka jana mwanamke mmoja wa ukoo ule alinipata kupitia vipimo vya mate ambavyo watu hupima kutafuta asili yao. Aliniandikia kwa furaha, akaniita binamu. Damu imethibitisha, alisema. Albert alikuwa na mtoto. Kamati yao imekubali kutuongeza kwenye mti, kwa mstari wa nukta nukta, kwa kuwa hapakuwa na ndoa. Nilimuuliza kama Noziwe ataandikwa. Akajibu kwamba mti ni wa akina Thornley.

Shangazi sasa hatoki kitandani. Nilimsomea ujumbe ule, akalia, akanishika kiganja.

"Waambie ndiyo, mwanangu. Kabla sijafa."

Nilimwambia sitaingia kwa nukta nukta mahali ambapo jina la mwanamke aliyembeba babu yake tumboni halina hata nukta. Niliwaandikia hivyo hivyo, mbele yake, nikatuma. Nikiwa na miaka kumi hasira yangu iliishia kwenye sinki la watu. Leo ina mdomo, lakini ukali wake ni ule ule, na safari hii ulimwangukia mwanamke mgonjwa ambaye alitaka kitu kimoja tu duniani. Sijutii. Tangu siku hiyo shangazi hanisemeshi hata kwa simu. Mama humpelekea uji kila asubuhi, humnywesha kijiko kwa kijiko, na akirudi hunitazama. Mimi bado sijaweza kwenda kumwona.