Taulo la Nahodha

Wageni wakipanda boti yake kwenda kuvua bahari kuu, nahodha hukifunika kwa taulo kioo cha GPS cha kuonyesha njia, wasije wakaujua mwamba wake wenye jodari. Shemeji yake tu, msaidizi ambaye nahodha mwenyewe alimfundisha kazi tangu hajui hata kufunga ndoana, ndiye aliyeruhusiwa kukitazama. Majuzi shemeji aliaga; eti bahari imemchosha, anakwenda kuuza vipuri.

Leo nahodha alifika mwambani, wageni wake hoi kwa kutapika, akakuta boti nyingine imeshatia nanga. Watu wanavuta jodari kwa zamu, na muuza vipuri yuko kwenye usukani.

"Shikamoo, shemeji," akaita, macho makavu.

Nahodha alikuwa akiutazama mkono wa shemeji ukivuta taulo, taratibu, kukifunika kioo ili yeye asione.