Refa Ambrosi na Goli la Juu

Ambrosi Chengula huchezesha mechi zote za mtaani Mafinga kwa sifa mbili: ana filimbi, na hajawahi kutamka neno "sijui". Jumamosi tulimkuta kwenye banda la mpira la Hanifa akitazama Kombe la Dunia la raga na wapasua mbao. Wote walikuwa upande wa Afrika Kusini, kwa kuwa jina lina Afrika.

Mpinzani mmoja akapiga mpira, ukapita juu kabisa ya mtambaa panya. Banda likaangua kicheko.

"Kapaisha huyo! Kaua kunguru!"

Mara refa wa kwenye runinga akanyoosha mkono, wapinzani wakapewa pointi tatu, kama ilivyo kwenye raga.

"Kahongwa!" akafoka Gwakisa, mmoja wa wapasua mbao. "Mtu anakosa, anapewa?"

"Mbona hata pasi wanarudisha nyuma tu," akasema Hanifa. "Muulizeni refa wetu."

Wote wakamgeukia Ambrosi. Kesho yake alikuwa na fainali ya mpira wa miguu ya wapasua mbao hao hao, na refa asiyejua sheria hapa kwetu hurudi nyumbani mbio. Akakohoa.

"Ni halali. Sheria mpya hiyo."

"Mpira wowote, mzee, hata wa kesho?" akauliza Gwakisa.

"Wowote."

Jumapili, mechi haijatoa hata jasho la kwanza, Gwakisa akapewa penalti. Akaupaisha makusudi hadi kwenye misonobari, kisha akavua jezi kushangilia. Wenzake wakamzingira Ambrosi wakidai tatu zao. Wapinzani wakamzingira wakidai akili zake. Ambrosi akatazama huku, akatazama kule, akapuliza filimbi ya mapumziko.